Mguu wa Kushoto wa Changarika

Katika nchi ya Changarika, ambako mvua huja mara moja kwa mwaka na upepo una adabu ya kupita nyuma ya nyumba, kila duka lina uga wa mchanga mweupe mbele ya mlango, na mchanga huo haufagiliwi ila siku ya hesabu. Mgeni akitaka kujua duka jema hamuulizi mtu. Huinama akatazama nyayo. Unyayo mmoja huitwa mfuasi. Wenye wafuasi wengi hupewa vibanda vya kisimani, penye kivuli na watu. Wasiofikisha mia husogezwa machinjioni, ambako inzi ndio wateja wa kwanza.

Mtawala wake, Jumbe Maringo, ni mtu mnene, mcheshi, mwepesi wa huruma kwa yeyote anayemsifu. Alipoona raia wanavyohangaikia nyayo, alifungua karakana ya kuchonga miguu ya mbao yenye mipini mirefu. Ukimpelekea mbuzi, watumishi wake wanakuja alfajiri kukugongea mchanga. Na kwa kuwa Jumbe alikipenda kila kilicho chake, aliagiza miguu yote ichongwe kwa mfano wa mguu wake wa kushoto, wenye kidole cha mwisho kilichompanda jirani yake.

Bi Sihaba, muoka mikate ya mofa, alikuwa na nyayo arobaini mchangani, na zote alizijua: huyu huburuta kisigino, yule ana mimba, na yale matundu mawili ni magongo ya Mzee Bungala, asiye na jino hata moja, ambaye mkate wake huokwa laini. Lakini arobaini si mia. Hesabu ilipokaribia, alimtoa mbuzi wake wa pekee, akaamka na wafuasi mia tatu waliowafunika wale arobaini.

Siku hiyo hakuuza hata mkate mmoja. Wala kesho yake. Siku ya tatu akamfuata Mzee Bungala kwake.

"Mzee wangu, mbona umenisusa?"

"Nikususe mimi, mwanangu? Nilifika. Nikaona watu mia tatu wamenitangulia, nikasema magongo haya na umati vitagombana."

"Hapakuwa na mtu."

"Basi umati huo una heshima zake. Sikusikia hata kikohozi."

Bi Sihaba alicheka. Alirudi dukani akatazama mchanga wake, na kwa mara ya kwanza hakumjua yeyote aliyeandikwa pale.

Sasa, kuna mila ya zamani Changarika: anayepewa kibanda cha kisimani huita wenye nyayo zake, na kila unyayo hulishwa. Tangu karakana ifunguliwe, washindi walimega kipande kimoja kwa niaba ya wote, wakapigiwa makofi. Bi Sihaba alitumia karibu gunia lake lote la mwisho la mtama, akabakisha kibaba, akaoka mikate mia tatu.

Siku ya hesabu, mbele ya Jumbe na mji mzima, akaita, "Wenye nyayo zangu, karibuni mle!"

Hakuja mtu.

"Nilizinunua," akasema. "Mkinipeleka machinjioni, nitakwenda. Ila mila ni mila, na mwenye nyayo hizi yupo. Karani, pima."

Karani Pimbi alipiga magoti, akatazama kidole kilichopanda, akatazama ndala za Jumbe, akatazama mbingu.

"Mtukufu," alinong'ona, "labda ungeketi."

"Mikate yote?" akauliza Jumbe.

"Unyayo kwa mkate, baba," akajibu Bi Sihaba kwa upole. "Nimekuwekea na mchuzi."

Jumbe aliketi. Wa kwanza aliula akitabasamu, wa tano akitoka jasho. Kwenye wa tisa akanyoosha mkono bila kutazama, akampa Mzee Bungala aliyesimama karibu. Na wengine wakasogea, mmoja mmoja, kwa miguu yao wenyewe, mpaka vikapu vikabaki vitupu na mchanga ukavurugika, wala karani hakuweza tena kuhesabu chochote.

Asubuhi yake Bi Sihaba alikuta uga wake umelainishwa na upepo, ambao kwa mara moja ulisahau adabu ukapita mbele ya nyumba, na juu yake msururu mmoja tu wa nyayo: kushoto wenye kidole kilichopanda, kisha kulia, kushoto, kulia, hadi mlangoni. Kama Jumbe alikuja kumhamisha au kununua mkate, watu wa Changarika wanabishana hadi leo. Yeye alizitazama nyayo hizo kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani kuwasha tanuri.