Maji Yanateremka

Siku ile mjinga alikuwa Onyancha, na hata yeye mwenyewe hakatai. Kinachomuuma ni kwamba alikuwa mjinga mbele ya watu, tena kwa sauti kubwa.

Alikuwa karani wa kupima majani chai karibu na Merigi, Mkisii aliyehamia pale miaka minne kabla. Kiingereza alikuwa nacho, cha kutosha kugombana na mtu juu ya mzani. Kikipsigis chake kilikuwa maneno manne: salamu, asante, maji na maziwa. Lakini mwaka wa sitini na tisa walipofika mainjinia wawili wa kujitolea, vijana wa Kizungu wenye magoti mekundu kwa jua, wakauliza nani atawatafsiria, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wake.

"Lugha ya hapa nainywa kama uji," alisema.

Phelis, mkewe, alikuwa mja mzito. Onyancha alikuwa amemwahidi kwamba ikifika Januari hatateremka mtoni na debe tena.

Wakaenda kwenye chemchemi. Aliyeijua vizuri ni Chepyegon, bibi kizee aliyechota pale tangu utotoni, ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya. Akasema maneno mengi, taratibu, akionyesha jicho la maji, kisha mkono ukateremka hadi kwenye mkuyu kule chini. Akarudia mara mbili. Onyancha aliambulia neno moja tu, maji. Kuuliza aliona haya. Watu walikuwa wanamtazama, na Kiingereza hakuna mwingine aliyekijua.

"Anasema nini?" kijana mmoja akauliza.

"Anasema jengeni tangi hapa, bomba literemshe maji mpaka mkuyuni."

Vijana wakafurahi, wakaandika. Bibi naye, kuona anaandikwa, akafurahi.

Tangi likajengwa. Chini ya mkuyu wakamwaga simiti, wakasimamisha mfereji wa kufungulia maji juu yake. Chepyegon kuiona simiti ile akapiga mayowe. Onyancha akawaambia wageni kwamba anashangilia. Wakampigia makofi.

Januari mfereji ukakohoa upepo. Wageni walikuwa wamesharudi kwao. Lazarus, mtoto wa Chepyegon anayefundisha shule ya Roret, alipokuja Jumamosi ndipo akaeleza mama yake alisema nini siku ile: kila kiangazi maji hulihama jicho la juu, yakatokea chini ya mkuyu. Jengeni kule, wala msipafunike.

Wakaivunja simiti kwa nyundo siku tatu. Maji yalikuwa yameshajitafutia njia, yamepotelea kwenye matope wanakokanyaga ng'ombe. Phelis akapita na debe, tumbo mbele, akielekea mtoni. Hakumtazama mumewe.

Kwenye baraza Onyancha alisimama kujitetea. Kazi ya karani ni maneno, na maneno hayakumwishia.

"Kogo, lawama isiwe yangu peke yangu. Mimi nilijitolea, sikulipwa hata senti. Wewe ungesema Kiswahili, hata kile cha sokoni tu, haya yote yangetoka wapi? Mtu akinyamaza na lugha yake, atasaidiwaje?"

Wengine wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Alikuwa amewapata kidogo.

Chepyegon akainuka, akajifunga shuka vizuri. Alijibu kwa Kiswahili, kile alichokariri kwa Lazarus wiki nzima, neno moja moja kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Mimi sikusema najua Kiswahili. Wewe ulisema unajua Kikipsigis. Sasa niambie, mdomo gani umekausha maji?"