Bomba Lililotoka Jasho

Fundi bomba alipopitisha kiganja ukutani nyuma ya banda namba tisa, machale yakamcheza. Bomba lilikuwa limelowa jasho. Halikuvuja, lilitoka jasho tu, kama mtu aliyeulizwa swali asilolitaka. Na yeye, miaka kumi na nane akikwangua mabomba, alijua bomba halitoki jasho bure. Likitoka, ujue kuna maji baridi yanapita ndani.

Juzi tu, alipokuwa anafunga masinki ya kunawia mikono humo ukumbini, mtaalamu wa banda hilo alimzuia mwenyewe. "Hilo liache, fundi. Limekatwa zamani, halina maji."

Halina maji, halafu linatoka jasho.

Akapiga magoti, akainua ncha ya zulia. Bomba lilishuka ukutani, likapita chini ya zulia, likaingia kwenye kitako cha mashine. Na mashine yenyewe ndiyo iliyokuwa nyota wa maonyesho. Nchi karibu arobaini zilikuwa zimeleta vitu vyao vya maji na maendeleo endelevu, lakini watu walijazana hapo. Juu kulikuwa na tangi la kioo ambamo maji machafu yalimwagwa, katikati kuna sanduku linalong'aa, chini kuna koki inayotoa maji safi.

Yote hayo yangekuwa shauri lao, asingekuwapo dada yake. Dada yake mkubwa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wao, na saa sita mchana huo angetia saini mkataba wa kuletewa mashine ile. Kipengele cha nne kilisema kisima cha mtaa kifukiwe, mashine isimikwe palepale. Kaya mia tatu zinachota hapo. Kikifukiwa, kimefukiwa.

Akamkuta dada mlangoni, kavaa viatu vya sherehe, kashika madumu mawili ya maji ya kisima. Waandaaji walimwambia aje na maji ya kwao.

"Dada, usisaini. Wale wanatupiga changa la macho. Mashine inanyonya maji ya bomba la mji."

Dada akamtazama kuanzia kofia mpaka buti. "Umeanza."

"Haki ya Mungu!"

"Ulinipigia simu mwezi jana ukaiga sauti ya mheshimiwa, kamati nzima tukasimama juani kwa saa mbili nzima na mashada ya maua. Ulisema nini? Haki ya Mungu."

"Ile ilikuwa utani, dada'ngu. Hii ni kweli."

"Na utani wako wote huwa una sura ya kweli. Nipokee dumu moja, twende."

Fundi akapokea dumu, akamfuata. Miaka yote amewachekesha watu, leo anataka kuaminiwa mara moja tu, ameingia choo cha kike.

Mtaalamu aliwapokea meno yote nje. "Karibu sana, mama mwenyekiti! Mwaga, mama, mwaga uone maajabu."

Dada akamwaga madumu yote mawili. Maji ya kisima, ya chumvichumvi na rangi ya chai, yakapanda mpaka ukingoni mwa kioo. Sanduku likanguruma. Koki ikafunguliwa, maji meupe yakashuka kwa nguvu. Watu wakapiga makofi, simu juu. Mtaalamu akakinga glasi, akanywa, akajilamba.

Dada hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza maji yanavyoanguka. Miaka yote amesimama kisimani kugawa zamu, huyu ndoo moja, yule ndoo mbili, mpaka akiwa anaongea na mtu mkono wake unapima wenyewe.

"Baba," akasema kwa sauti ya upole ambayo mdogo wake aliijua na kuiogopa, "nijazie ndoo niwapelekee wenzangu waonje."

"Hata mbili, mama!"

Dada akavuta ndoo zilizokuwa chini ya meza ya banda. Ikajaa ya kwanza. Ikajaa ya pili. Mtaalamu anachekea kamera. Dada akasogeza ya tatu, nayo ikajaa.

"Baba, kila dumu langu ni ndoo moja. Nimemwaga mawili."

"Ndiyo, mama."

"Nimechota tatu. Na mle ndani naona bado yamebaki karibu yote." Akaelekeza kidole kwenye kioo, maji ya rangi ya chai yametulia, hayajashuka hata urefu wa kidole. "Mashine yako inazaa?"

Mtu akacheka. Halafu wakacheka kumi. Mtaalamu akaanza maneno ya mgandamizo na mzunguko wa ndani, lakini shingo yake ilikuwa inalowa kuliko lile bomba.

"Mdogo wangu," dada akasema bila kugeuka, "lile bomba lako liko wapi? Lifunge."

Fundi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akazunguka nyuma, akaitafuta valvu, akaikaza kwa spana. Maji pale mbele yakakatika kama maneno ya mwongo. Kimya. Halafu: tone. Na baada ya muda, tone jingine.

Mtaalamu akajifuta uso. "Mama, sikiliza. Inasafisha kweli. Ni polepole tu. Wageni hawana subira, ndiyo maana..."

"Mimi ninayo," akasema dada. Akavuta kiti, akakaa, akaweka kikombe chini ya koki.

Saa sita ikafika, ikapita. Mgeni rasmi akaletwa na wapambe wake, akasimama na kalamu ya dhahabu mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwambia anasubiri nini. Saa sita na nusu kikombe kikafika katikati. Dada akaonja. Fundi akamkazia macho, akitaka ateme.

"Matamu," akasema dada. "Hayana chumvi hata chembe."

"Umeona, mama!" mtaalamu akaruka.

"Nimeona. Nusu kikombe kwa zaidi ya nusu saa. Mtaa una kaya mia tatu." Akavuta mkataba, akaichukua ile kalamu mkononi mwa mgeni rasmi, akakikata kipengele cha nne kwa mstari mmoja mnene kutoka ukingo hadi ukingo. Pembeni akaandika: *Kisima kibaki. Mashine ije ikae karibu yake, ifanye kazi tukiiona.* Akatia saini, akamsukumia mtaalamu. "Zamu yako."

Mtaalamu akaushika mkataba, akamtazama mgeni rasmi, akatazama zile simu zote zilizokuwa bado juu. Hakusaini. Akaukunja, akautia mfukoni, akasema atawasiliana na makao makuu.

"Wasiliana," dada akamjibu, akasimama. "Sisi tutakuwa kisimani."