Saini kwenye Kadi ya Palina

Siku Palina alipofariki, daktari wa wodi ya watoto, hospitali ya mkoa mjini Gomel, Belarusi, alimkabidhi mama yake mfuko wenye viatu, kitana na skafu ya sufu, kisha akamuuliza swali ambalo Yadviga hakulitegemea.

"Samahani, mama. Kwa nini mlimleta mwaka jana tu? Kile kivimbe cha shingoni kilionekana tangu tisini na moja. Barua ya wilaya inasema mliarifiwa."

"Nani aliarifiwa?"

"Familia."

Ilikuwa Februari, theluji imerundikana hadi usawa wa madirisha. Palina alikuwa na miaka kumi na minne. Familia yenyewe ilikuwa Yadviga, mpishi wa shule ya kijiji. Zosya, binti yake mdogo. Na Stefa, dada mkubwa wa Yadviga, wa tumbo moja. Mume alikwisha kufa siku nyingi. Hakukuwa na mwingine wa kuarifiwa.

Njia nzima ya kurudi kijijini Yadviga aliwaza siku lile basi la kupimia lilipokuja shuleni. Lilikuwa jeupe, na ndani yake kitanda na mashine ya ultrasaundi. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu mtambo wa nyuklia wa Chernobili ulipuke, na watoto wa mkoa mzima walikuwa wanapimwa tezi ya shingo. Mpimaji alikuwa Stefa, aliyepelekwa Minsk kusomea kazi hiyo. Mtoto alilala chali, mto mdogo chini ya mabega ili shingo ijitokeze, akapakwa jeli. Stefa alipitisha kile kidude cha mkononi upande wa kulia, kisha wa kushoto, akitaja urefu, upana na kina, na karani akiandika. Ukubwa wa tezi ulilinganishwa na jedwali la umri na kimo lililobandikwa ukutani.

Yadviga ndiye aliyekuwa anawapanga watoto foleni mlangoni.

"Mama mkubwa, jeli yako baridi kama pua ya mbwa!" Palina alipiga kelele kitandani.

"Tulia wewe, usinichafulie picha."

"Huyo mpimeni kwa futi kamba," mvulana mmoja alisema kutoka kwenye foleni. "Shingo kama ya korongo!"

"Na wewe je? Huna shingo, sijui watapima nini!"

Basi zima likacheka. Stefa naye alicheka. Kisha akarudi upande wa kulia, akapita palepale mara ya pili, na mara ya tatu.

"Vipi, dada?" Yadviga aliuliza.

"Tezi haijavimba. Ukubwa wake ni wa umri wake."

Ilikuwa kweli. Yadviga alirudi kwenye sufuria zake moyo umetulia.

Tangu hapo, kila baada ya miezi sita, Stefa alimwita Palina kliniki ya wilaya ampime tena. "Acha nimwangalie mwanangu," alisema, na Yadviga akaona hana cha kumlipa dada yake kwa upendo ule. Kila mara alimpelekea chupa ya krimu na mayai. Mwaka wa pili ukielekea kwisha Palina alianza kukohoa, sauti ikakauka. Walipofika Gomel, ugonjwa ulikuwa umeshaingia mapafuni.

Theluji ilipoyeyuka, Yadviga alikwenda kliniki ya wilaya. Mtunza kadi, Genya, alimtazama kupitia dirisha dogo.

"Kadi ya marehemu haitoki humu, jirani."

"Siichukui. Nataka kuisoma tu."

"Ukiisoma ndiyo atarudi?" Genya akajisikia vibaya, akakohoa. "Haya, isomee hapohapo. Na usinilizie karatasi, wino unatoka."

Vipimo vilikuwepo, kulia na kushoto. Chini yake: *Kivimbe upande wa kulia, milimita saba. Apelekwe mkoani.* Chini zaidi, muhuri: *Ndugu wa karibu ameambiwa.*

Huko kwao daktari hamwambii mgonjwa habari mbaya, sembuse mtoto. Huambiwa ndugu mmoja, akatia saini, na daktari akawa amemaliza kazi yake. Kwa kawaida huwa mama, au baba, au mume. Saini iliyokuwa pale ilikuwa ya Stefa.

"Huyu ni mpimaji," Yadviga alisema.

"Na si mama yake mkubwa? Mganga mkuu aliuliza nani atampelekea mama mtu habari hii. Stefa akasema, nipeni mimi, ni mdogo wangu. Tukajua umeambiwa."

"Nyinyi nani?"

"Sisi sote hapa. Mimi hata nilikusema. Nilisema, yule Yadviga moyo wake jiwe, mtoto ana kivimbe na yeye anakaanga viazi huku anaimba."

Yadviga alirudisha kadi dirishani.

Siku ya Radunitsa, siku tisa baada ya Pasaka, kijiji kizima kilikwenda makaburini kula na wafu wake. Yadviga alitandika kitambaa juu ya kaburi la Palina, akaweka mkate na mayai mekundu. Stefa alikuja na soseji, akabusu msalaba, akakaa, akaanza kumenya yai.

"Saini yako nimeiona."

Stefa hakuuliza saini gani. Aliendelea kumenya, vipande vidogo vidogo.

"Mama aliingia upasuaji wa rovu la shingoni kwa miguu yake, akatolewa amefunikwa shuka," alisema mwishowe. "Ulikuwa na miaka sita. Ulikaa mwaka mzima husemi neno, mimi ndiye nilikuwa nakulisha. Ningekwambiaje, mdogo wangu? Nikasema nitakipima mwenyewe. Kikikua tu, nitasema."

"Kilikua?"

"Mwaka wa kwanza, milimita mbili."

"Ukasema?"

"Ulikuja na krimu," Stefa alisema. "Ulikuwa unacheka. Nikashindwa."

"Mimi ndiye mama yake, Stefa."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwita kwa jina bila kutanguliza dada, na Stefa alisikia. Yai lilimdondoka juu ya kitambaa.

Siku ile hakuna anayefukuzwa kaburini. Yadviga alimwachia mkate na soseji yake, akamshika Zosya mkono, wakahamia upande wa pili wa kaburi, wakakaa wamempa mgongo mpaka alipoondoka.

Stefa bado ndiye mpimaji wa wilaya, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesomea. Watu humsalimu, na Yadviga humsalimu pia, kama anavyomsalimu mwenye duka. Basi jeupe likija shuleni, Zosya hapangi foleni. Mama yake humpeleka kwa treni wilaya ya jirani, akapimwe na mwanamke wasiyemjua. Yadviga hukaa karibu na skrini na kutaka asomewe kila namba, hata mpimaji akinung'unika kwamba foleni ni ndefu. Kipimo kijacho ni Oktoba.