Alama Niliyoiweka Onduparaka

Miaka thelathini na moja nimeshona nguo kwenye baraza moja la kupanga mjini Koboko, karibu na soko, na hakuna mtu aliyewahi kunipita akitafuta fundi. Mpaka alipokuja Night Poni.

Alikuwa mwalimu mpya wa kwaya. Aliyemtangulia, Agnes Keji, aliniletea majoho ya waimbaji kila yalipochakaa, bila kuuliza fundi mwingine. Huyu mpya alishuka kwenye bodaboda, simu mkononi, akanipita nimekaa kwenye cherehani yangu, mguu ukiwa juu ya kanyagio.

"Mama, unatafuta fundi?" nikamwuliza.

"Nimeshapata, mzee. Iko pale." Akaonyesha ng'ambo ya barabara, kwa Igga.

Mimi na Igga tulisoma pamoja shule ya usiku. Mimi nilikuwa wa pili darasani, yeye wa kumi na tisa. Sasa ukiwa Koboko ukiandika "fundi" kwenye simu, jina lake ndilo linalotangulia, na picha ya baraza lake, na nyota nne na nusu. Langu halikuwapo hata chini kabisa. Aliyemweka huko ni Helen, anayeuza vocha kwenye kibanda jirani na mimi.

Niliwasikia wakizungumza: majoho thelathini ya Krismasi. Igga ashone moja la mfano. Likipendeza, apewe yote.

Lilipotundikwa nje nilivuka barabara kulikagua. Nilipitisha kidole kwenye kila mshono nikitafuta kasoro. Hata kola ilikaa. Nililichukia lile joho kwa jinsi lilivyokaa.

"Alionzi, leo umekuja kujifunza?" Igga akacheka. "Chukua kiti."

"Nimekuja kuona kama umesahau niliyokufundisha."

"Wewe mutu ya zamani. Wateja wanaangalia simu, wewe unaangalia barabara. Ambia Helen akuweke."

Nimwombe Helen, Igga akiona? Jioni ile nilivaa miwani nikafanya mwenyewe. Niliandika: Fundi Alionzi, Mshonaji wa Kwanza. Simu ikataka niweke alama kwenye ramani, nilipo. Hapo nilifikiri kidogo. Baraza lile lina mwenyewe. Na kwetu, mtu akiulizwa alipo, hataji ukuta wa kupanga. Anataja penye makaburi ya wazee wake. Basi nikaisogeza ramani kusini mpaka Arua, mpaka Onduparaka, kwenye nyumba ya matofali niliyoijenga kwa mikono yangu, anapoishi mke wangu Pasca. Nikaweka alama hapo. Namba ya simu sikuandika. Mtu wa heshima hufuatwa.

Wiki tatu zikapita, hakunifuata mtu. Kwa Igga walijaa hadi kwenye ngazi: akina mama wa Kongo na vitenge vyao, madereva wa magari ya Juba. Mimi niliona migongo yao tu. Joho la mfano likapendeza, akapewa kazi yote. Lakini wateja wa simu walimzidi, na siku aliyoahidi ikafika hajakata hata kitambaa kimoja.

Nilimwona Night Poni akitoka pale amekunja uso. Nikakaa wima. Nikavuta kiti cha wageni mbele kidogo. Akapanda bodaboda, akaenda zake.

Siku mbili baadaye Pasca akanipigia.

"Baba Adrabo, hapa kuna mama na simu. Anasema hii nyumba ni duka la fundi."

"Mama gani?"

"Wa kwaya, wa huko huko Koboko. Amekuja Arua kununua vitambaa, akatafuta fundi aliye karibu, simu ikamleta kwetu."

"Mwambie anirudie Koboko!"

"Ameshaondoka. Ameacha vitambaa na vipimo vyote. Nimemwonyesha zile sare za shule nilizoshona, akafurahi."

Pasca anashona kwa cherehani ya mkono niliyoitupa mimi nilipopata hii ya mguu.

Juma lililofuata Helen akanisomea kwa sauti, mtaa mzima ukisikia: "Mama Pasca ana mkono safi na maneno mazuri. Nyota tano." Chini yake wengine wanne, wote wa Arua, wote wakimsifu Mama Pasca. Juu kabisa, jina langu.

Igga alivuka barabara. Safari hii hakucheka. "Nyota tano? Mke wako anajua nini?" Nikaona usoni mwake kile nilichokuwa nacho moyoni tangu siku ile. Kilinishibisha mpaka saa sita. Baada ya saa sita nikakumbuka kwamba nyota hazikuwa zangu.

"Mzee, nirudishe alama hapa Koboko?" Helen akauliza. "Lakini wale wa Mama Pasca watapotea."

"Nitairudisha mwenyewe, nikiwa kwangu."

Jumamosi nikashuka Onduparaka, simu mfukoni. Nilikuta kitambaa cha zambarau kimetandazwa juu ya kaburi la baba yangu, kwenye saruji, kinakatwa.

"Pasca! Juu ya mzee?"

"Ni hapa tu ndipo pamenyooka. Na baba yako hakuwahi kukataa kazi." Hakuinua kichwa. "Hiki ni cha mteja mwingine. Majoho yako tayari, isipokuwa kola. Yule mama anataka zile za mishono miwili, za wakati wa Agnes Keji. Mimi siziwezi. Nilikungoja."

Majoho thelathini yalining'inia kwenye kamba bila shingo. Nilitoa simu, nikaifungua ramani. Kidole changu kilikuwa juu ya alama. Ningeivuta tu.

Msichana akaingia uani na simu yake na kitenge. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu.

"Hapa ndipo kwa Fundi Alionzi?"

"Ndiye mimi."

"Hapana, mzee. Namtaka yule mama."

Pasca aliinamisha uso kwenye kitambaa. Mabega yake yalikuwa yakicheka. Nikairudisha simu mfukoni, nikakaa kwenye kigoda, nikashusha joho la kwanza kwenye kamba.

"Ni yule pale," nikamwambia msichana. "Lakini kola, utaniuliza mimi."