Beseni la Karantini

Ijumaa baada ya swala, Khalfani alirudi nyumbani kwake Mtoni na pikapu iliyobeba ndoo ya samaki kutoka Kigamboni na mke mpya kutoka Ubungo. Samaki alikuwa wa buluu, mwenye mkia wa njano. Mke aliitwa Najat.

Khalfani aliuza televisheni, biashara iliyokuwa imechangamka tangu masharti ya kuingiza bidhaa bandarini yalegezwe. Wateja wake walipoanza kujiona matajiri kama yeye, akaweka sebuleni tangi la kioo lenye samaki wa maji chumvi. Sheria yake ilikuwa moja. Samaki mgeni haingii kwa wenzake mpaka akae kwanza karantini, kwenye beseni uani, ionekane hana madoa meupe na anakula vizuri. Majirani kwa utani waliiita fungate. Aliyebeba maji ya bahari, akakagua mapezi na kuwabembeleza waliosusa chakula, alikuwa mkewe, Somoe.

"Huyu mtie kwenye beseni," Khalfani alisema, akimpa ndoo. "Na huyu ni mwenzio. Mpeleke ndani."

"Mbona mie hukuniuliza?"

"Samaki anachoka, mke wangu. Fanya haraka."

Ilimuuma Somoe, lakini akamtia samaki besenini. Najat naye alisimama amekodoa macho. Aliambiwa nyumba ina samaki, hakuambiwa ina mke.

Najat alipokaa tu kwenye kochi, maji ya bahari yakaanza kupanda kutoka sakafuni, safi na ya uvuguvugu, yakafika darini kabla chai haijachemka. Mlango ulipofunguliwa hayakumwagika. Najat alijaribu kusema shikamoo dada, yakatoka mapovu, na Somoe akacheka hadi akagonga feni. Samaki wakatoka tangini kuja kutazama. Wanawake wale wakashikana mikono, wakapinduka juu ya televisheni, khanga zikiwafuata nyuma, wakafurahi kama watoto walioruhusiwa kucheza mvuani. Jirani yao Genoveva, aliyekuja kuomba chumvi, alichota sufuria moja dirishani akaenda kupika maharage.

Khalfani alipoingia, madoa meupe yalimtoka kuanzia shingoni hadi vidoleni. Samaki wote wakajificha nyuma ya kabati.

"Sheria ni yako, baba," Somoe alisema. Walikuwa wameshazoea kusema majini, maneno yalitoka vizuri.

"Hata mie nayaona," Najat aliongeza.

Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Lakini Khalfani aliwapenda samaki wake, hakubisha. Alivua viatu akaketi kwenye beseni, magoti kidevuni, ubavuni mwa yule wa buluu. Kila asubuhi Somoe alimletea wali na kumkagua nyuma ya masikio.

"Ungeniuliza tu," alimwambia.

"Maji yamepoa," Khalfani alijibu. "Badilisha."

Madoa yalipokwisha, na hamu ya kula ikiwa nzuri, alitolewa. Somoe alingoja aombe radhi. Aliomba ufunguo wa pikapu.

Ijumaa iliyofuata honi ikalia nje. Kando ya Khalfani alikaa mwanamke aitwaye Tabu, sanduku mapajani, akiulizia samaki. Shingoni mwa Khalfani nukta nyeupe zilikuwa zimeanza upya. Somoe alimkagua mgeni viganja na shingo, akamwona hana neno, akamvutia ndani kupitia dirishani. Najat akamfundisha kupinduka, na kicheko kikasikika hadi barabara ya Kilwa.

Kisha Somoe akatoka uani kujaza beseni.