Joto la Chumba cha Seva

Julai ya Songea si ya mchezo. Asubuhi ukitoa mkono nje ya blanketi unajuta. Ndiyo maana nilipoona kwenye skrini eti seva yetu imezidiwa na joto, nilisonya. Joto? Hapa? Toka zako!

Mimi Pamela ndiye fundi wa kompyuta wa redio moja pale Majengo. Tuna seva moja kubwa, na ndani yake zinaishi kompyuta nyingine zisizo na mwili: ya matangazo, ya hesabu, ya kumbukumbu za sauti. Kuna programu inayozichunga zote, na mojawapo ikiugua inanitumia tahadhari mezani kwangu ghorofani. Basi kila asubuhi nyekundu, joto limezidi. Mchana inarudi kijani. Nikishuka mchana kukagua, chumba cha seva baridi kama kawaida. Nikasema kipima joto kimechoka. Nikaiwasha upya programu, nikaisasisha, wapi! Nikamwendea meneja, Remmy, aninunulie kipima joto kipya na diski ya akiba, maana nakala zetu zote zimo humohumo. "Subiri bajeti, Pamela." Subira yake hiyo ningemlisha yeye mwenyewe.

Asubuhi chumba kile huwa na mtu mmoja tu, Mzee Athanasi, dereva wetu mstaafu. Mkewe, marehemu Lidwina, ndiye aliyekuwa akisoma salamu za jioni, mpaka nusu ya mji ikamwita shangazi. Tangu amzike, mzee hutembea kutoka Mshangano, anakaa kwenye kompyuta iliyomo chumbani mle, anavaa hedifoni na kumsikiliza mkewe. Nyumbani hana hata kanda moja yake. Nani angemnyima?

Juzi tahadhari ikabadilika: diski mbili zimekufa kwa mpigo, zile za kumbukumbu za sauti. Nikashuka ngazi mbio. Nilipofungua mlango, joto likanipiga usoni. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Mzee amekaa, kavua koti, hedifoni mkononi.

"Shikamoo baba. Nani kazima kiyoyozi?"

"Marahaba. Mimi, mwanangu. Nikifika nazima, nikiondoka nawasha. Baridi yote hii, cha nini?" Kisha akaninyooshea hedifoni. "Hebu nitazamie. Lidwina amekatika katikati ya salamu."

Mungu wangu! Nikawasha kiyoyozi, nikahangaika na zile diski mpaka macho yakauma. Nikazitoa, nikazirudisha, nikazibembeleza, nikazitukana. Hakuna kilichorudi. Mzee alikaa pembeni akingoja, kama watu wanavyongoja nje ya wodi.

"Vipi, amerudi?"

"Hapana, baba. Hatarudi."

"Kumetokea nini?"

Ningeweza kumtupia Remmy lawama zote, na anastahili. Ningeweza hata kudanganya. Lakini mzee alikuwa ananitazama machoni, na machozi yalishaanza kunitoka.

"Ni joto, baba. Mashine hizi hazitaki joto."

Akageuka akakitazama kiyoyozi, akakitazama kwa muda mrefu. Mimi nililia bila aibu. Yeye hakulia.

"Kwa hiyo ni mimi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa nasikia baridi tu, mwanangu," alisema. "Baridi tu."