Mume wa Kwenye Faili

Mlinzi alimzuia baba mtoto mlangoni pa ofisi ya kusajili wakimbizi. Wanaoingia ni waliomo kwenye faili la familia, basi. Kwa hiyo mama aliingia na kichanga kifuani, na nyuma yake mdogo wake wa kiume, fundi viatu, jasho likimtiririka hadi kwenye kope.

Tatizo lilikuwa hilo faili. Siku walipovuka mpaka, vijana wa kiume wasio na familia walikuwa wakitengwa na kupakiwa kwenye malori, na hakuna aliyejua malori yanaelekea wapi. Dada akababaika, akatamka la kwanza lililomjia: "Huyu mume wangu." Uongo wa kumwokoa nduguyo, nani angemlaumu? Wakaandikwa hivyo. Baadaye akampata mume wa kweli, kinyozi mpole mwenye kadi yake mwenyewe. Kila wakipanga kwenda kuusahihisha ule uongo, woga uliwarudisha nyumbani.

"Baba wa mtoto ndiye huyu?" karani aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Ndiye mimi," fundi viatu akadakia. Njia nzima alikuwa akimsihi dada yake aseme ndiyo, yaishe.

Karani akamgeukia mama. "Nakuuliza wewe. Nikishaandika, nimeandika."

Akikubali, mwanawe atakuwa mtoto wa mjomba wake maisha yake yote, shuleni, hospitalini, kila dirisha atakaloliendea. Akikataa, Mungu anajua. Aliogopa, tena aliogopa sana.

"Siye. Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Dada!"

Karani hakupandisha sauti. Afadhali angefoka. "Faili lako tutalirekebisha. Lakini huyu aliingia kwa mgongo wako. Bila ndoa hiyo, hapa hajawahi kusajiliwa." Akanyoosha mkono. "Kadi."

Kadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpitisha fundi viatu mbele ya polisi kila asubuhi. Aliitoa mfukoni, akaiweka mezani bila kumtazama dada yake. Askari akampeleka chumba cha ndani kuhojiwa.

Nje, kinyozi alikipokea cheti cha mtoto kwa mikono miwili. Akasoma jina lake kwenye nafasi ya baba, akalirudia kwa sauti, akacheka mwenyewe. Kisha akachungulia nyuma ya mkewe.

"Shemeji yuko wapi?"